Kura ya MCA: vile utajiandikisha, utapiga na utapanga mtaa wako bila kungoja mheshimiwa

Watu wa Nakuru hawapendi kuambiwa hii lakini wacha niseme tu, ile karatasi ya MCA, mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, ile tunapiga haraka haraka tukiwa tumechoka na laini, ndiyo iko karibu sana na taa ya barabara yako kuliko ile ya rais. Rais tunabishania mwaka mzima kwa kinyozi, kwa matatu, hadi kwa matanga ya wenyewe. MCA tunamkumbuka siku jina la mtoto limekosekana kwa listi ya basari. Sasa kama unataka kufanya hii kazi ya kupanga watu mtaani, na sisemi ile ya kulipwa mia tano upige kelele nyuma ya pikap, nasema ya kujitolea kabisa, hapo kwa wadi ndipo pa kuanzia, na unaanza na majirani kabla hata hujachagua mgombea. Nitarudia hiyo baadaye juu ndiyo watu wengi hukosea.

Kwanza ujue nani anafanya nini

Usiende kwa mlango wa mtu kumwambia apige kura kama wewe mwenyewe hujui anapigia kazi gani. Kwa katiba ya 2010 kaunti ndiyo inashika dispensari na hospitali za kaunti, nasari za ECD, soko, takataka, barabara ndogo za mtaa, taa za barabara, maji. Mbunge anatunga sheria huko Nairobi na NG-CDF yake, ule mfuko wa pesa za eneobunge, inajenga madarasa na kulipa karo. MCA hajengi barabara, hana pesa ya kujenga, kazi yake ni kupitisha bajeti ya kaunti, kupiga darubini kwa gavana na kupeleka sauti ya wadi kwa bunge la kaunti. Ukielewa hiyo utaacha kumuuliza MCA mbona shule ya upili haina lab, na utaanza kumuuliza mbona dispensari haina dawa. Hayo ni maswali mawili tofauti na moja tu ndio lake.

Nchi nzima kuna wadi 1,450. Nakuru tuko na 55 kwa maeneobunge 11, Kisumu wako na 35 kwa maeneobunge 7. Na ujue yako kabisa, usikisie, maana mipaka ina vituko. Chukua Nyalenda pale Kisumu: Nyalenda A iko eneobunge la Kisumu Mashariki, Nyalenda B iko Kisumu ya Kati, so watu wawili wanaitwa watu wa Nyalenda na wananunua omena kwa mama mmoja lakini mbunge si mmoja na MCA si mmoja. Huku kwetu mtu wa Kaptembwo na wa Rhoda ni majirani na wote wako Nakuru Mjini Magharibi, lakini wadi ni mbili. Nimeona vijana wakifanyia kampeni mgombea mwezi mzima kwa ploti ambazo hazimpigii kura, nguvu yote imeenda bure.

Kujiandikisha

Hapa sitakaa sana. Uwe 18, uwe na kitambulisho ama paspoti ambayo haijaisha. Ile karatasi ya kungoja kitambulisho, tunayoita weiting, haikubaliwi, kwa hivyo kijana ambaye anafikisha 18 mwambie aende kwa chifu mapema asingoje mwaka wa uchaguzi. Unaenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneobunge lako, wanachukua alama za vidole na picha, wanakuuliza kituo gani unataka kupigia, imeisha. Hulipi kitu. Mtu akikuambia kuna pesa ya kuharakisha, huyo anakula yako.

Kituo ndicho cha kufikiria. Nusu ya watu wa mtaa wetu wameandikishwa ushago, Vihiga, Bungoma, Nyamira huko, halafu siku ya kura fea imepanda mara mbili wanabaki kwa nyumba wakiangalia TV. Kupigia kura ushago si makosa, kama huko ndiko shamba na wazazi wako na unajua utaenda, sawa. Lakini kama unaishi Nakuru, watoto wanasoma Nakuru, maji inakupotea Nakuru, basi hamisha. Unaenda mwenyewe kwa ofisi ya IEBC ya pale unataka kuhamia, hautumi mtu, na unafanya mapema kwa sababu milango ya kuhamisha inafungwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu ujao kikatiba ni Jumanne ya pili ya Agosti mwaka wa tano, ambayo ni 10 Agosti 2027. Hesabu urudi nyuma.

Ukishajiandikisha hakikisha jina liko. 2022 ilikuwa unatuma namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa 70000 unaletewa kituo chako. Wakifungua tena huduma ya kukagua sajili, kagua wewe halafu kagua za shosho na mzee wa nyumba ya pili, hiyo ni kazi ya volontia tayari na hakuna mtu atakuuliza uko chama gani.

Kupanga mtaa: anza na ploti yako

Sasa hii ndiyo nyama ya maneno. Kosa la kawaida ni kijana anapata moto wa siasa, anaenda kwa mgombea kumwambia "mheshimiwa mimi niko na watu," na hana. Mgombea naye anajua hana, lakini anampa tishati. Geuza. Kuwa na watu kwanza, mgombea atakutafuta yeye mwenyewe, na siku hiyo mtaongea mkiwa mmekaa viti sawa.

Watu unawapata vipi? Nunua daftari la mia. Andika ploti moja moja kwa mtaa wako, si majina, ploti: ya Mama Njeri, ile ya geti ya bluu, ile ya keateka (msimamizi wa ploti) mkali. Kila ploti tafuta mtu mmoja tu ambaye wengine wanamsikiza. Mara nyingi si yule anaongea sana. Ni mama anashika pesa ya chama, ama keateka, ama yule jamaa ana pampu ya baiskeli kila mtu humwazima. Ukiwa na mtu mmoja kwa kila ploti ya barabara yako tayari umeshinda yule mwenye grupu ya WhatsApp ya watu 500, kwa sababu ile grupu ni ya kutumiana salamu za asubuhi na video za maombi, haiwezi kuamsha mtu saa kumi na moja alfajiri.

Halafu uende. Jioni ndio nzuri, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, na Jumapili mchana. Usiende wakati mtu anafua ama anapika chapati, hatakusikiza na ako na haki. Na usianze na siasa. Mimi husalimia kama jirani, naita mtu kwa heshima, mama nanii, mzee, shosh, na kule Kakamega ungesema kukhu, Kisumu dani, kila mahali na salamu yake, halafu nauliza kitu kimoja: hapa kwetu ni nini kinakusumbua sana? Nanyamaza. Hapo kwa kunyamaza ndipo mavolontia wengi huanguka, wamebeba maneno wanataka kuyatua.

Inaenda hivi:

"Mama Brayo, habari ya jioni. Poleni na mvua."

"Tumezoea. Mtaro umeziba tena, maji imeingia hadi kwa sufuria."

"Na mliripoti wapi?"

"Tutaripoti wapi? Tuliambia mbunge siku ya mazishi ya mzee Otieno."

"Sasa mtaro ni wa kaunti, mama. MCA ndiye anafaa kuulizwa, na kuna kikao cha bajeti cha wadi huwa kinaitwa. Nikikuita utakuja?"

"Kama si siku ya soko, Jumanne na Ijumaa."

Hapo sijataja chama, sijataja kabila, na tayari niko na kitu cha kuandika: mtaro, soko Jumanne na Ijumaa, ako tayari kuja. Ndipo unauliza kama nyumba hii wamejiandikisha, na wapi. Andika kwa daftari ameandikishwa hapa, ameandikishwa ushago, bado. Makundi matatu, basi. Kundi la "bado" ndilo la kufuata kwanza, unawapanga watatu wanne mnaenda IEBC pamoja, mtu akiwa peke yake ataahirisha hadi kesho.

Namba za vitambulisho za watu usichukue. Hata ukiambiwa na mgombea ulete. Kuna sheria ya kulinda data ya 2019, na pia watu wameshaumwa, mtu anaangalia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, anakuta ameandikishwa kwa chama hajawahi kukiona na macho. Ambia majirani wako waangalie pia, kama uko kwa chama hukukitaka unaweza kujitoa hapo hapo kwa simu. Wewe chukua jina, ploti na simu, na simu tu kama mtu amekubali.

Bodaboda ni dunia yao. Steji ina mwenyekiti, ongea na mwenyekiti kwanza, ukipita juu yake umemaliza steji nzima. Sokoni nenda asubuhi sana ama saa nane wateja wakipungua, na ununue kitu jamani, usisimame kwa kibanda ya mtu dakika ishirini ukizuia wateja halafu uondoke bila hata nyanya ya ishirini.

Kitu kingine, na hii Nakuru lazima isemwe. Mwanzo wa 2008 huu mji uliungua, na Kisumu pia, na wengi wa wale tunapiga mlango wanakumbuka nyumba gani ilichomwa na nani alisimama kwa geti. Kwa hivyo ukipanga mtaa, kikundi chako kiwe na sura ya mtaa. Kama kwenye ploti kuna Mluhya, Mkisii, Mjaluo, Mkikuyu na Mkalenjin na kikundi chako wote ni wa lugha moja, watu watajua ni cha nini kabla hujafungua mdomo. Na mgombea akianza kuongea lugha ya "wageni" na "madoadoa," toka kwa huo mkutano, uchochezi wa chuki ya kikabila ni kosa la jinai kwa sheria ya utangamano ya 2008 na wewe volontia ndiye utashikwa kwa sababu yeye ako na wakili.

Pesa

Watakuuliza. "Umekuja na nini?" Hiyo swali usiionee aibu wala usikasirike, watu wamezoeshwa. Jibu langu huwa rahisi, kwamba mimi pia sijapewa. Wengine watafunga mlango, wengine watacheka, na wale wanacheka ndio watarudi. Kununua kura ni kosa na kuuza ni kosa, mtoaji na mpokeaji wote sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inawashika. Lakini hapa sitadanganya mtu, mama akipewa unga na mgombea hatautupa. Mwambie tu ndani ya kile kibanda cha kadibodi hakuna mtu anaona, na unga haujui kusoma.

Matumizi yenu wenyewe yaandikwe. Fea, airtaimu, chai. Mtu mmoja ashike pesa, mwingine ashike kitabu, msichanganye.

Mchujo

Kwa watu wa Kisumu, Siaya, Homa Bay hii hamhitaji kuambiwa: kwa wadi nyingi mchujo, pale chama kinachagua mgombea wake, ndio uchaguzi wenyewe, Agosti ni kuthibitisha tu. Na mchujo watu hawaendi! Wanangoja Agosti walalamike. Kama mtaa wako uko kwa ngome ya chama fulani, basi nguvu yako iweke kwa mchujo, uliza mapema kama watatumia sajili ya wanachama ama wajumbe ama makubaliano ya wazee kwa hoteli, maana kila moja inapangwa tofauti. Kama ni wajumbe, unataka watu wa daftari lako wawe wajumbe.

Na kuna mlango mwingine. Mgombea huru wa MCA anahitaji wapiga kura 500 wa wadi wa kumuunga mkono, na wasiwe wanachama wa chama chochote. Ada ya IEBC kwa MCA imekuwa 5,000, vijana, akina mama na watu wenye ulemavu nusu yake. Angalia hizo namba halafu angalia daftari lako. Kama kwa miaka miwili mmefika watu 500 mnaoaminiana, hamhitaji kuenda kuomba mtu yeyote tishati.

Kampeni

Kipindi rasmi kinatangazwa na IEBC na kinafungwa saa 48 kabla ya kura. Mikutano ni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mkutano wa hadhara unaandikia OCS, mkuu wa kituo cha polisi, barua mapema, angalau siku tatu na si zaidi ya kumi na nne kabla, ubaki na kopi yenye muhuri, hiyo kopi ndiyo itakuokoa. Kama wewe ni mtumishi wa umma, karani, chifu, usiingie kampeni hata kwa mlango wa nyuma. Na kama unataka kuomba kazi ya IEBC ya siku ya uchaguzi, achana na kupangia mtu kura, chagua moja.

Siku yenyewe

Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na ukiwa kwa laini saa kumi na moja ikifika utapiga, usikubali kufukuzwa. Beba kile ulijiandikishia, kama ni kitambulisho ni kitambulisho, kama ni paspoti ni paspoti. Kwa uchaguzi mkuu unapewa karatasi sita: 2022 ya rais ilikuwa nyeupe, gavana bluu, seneta njano, mbunge kijani, mwakilishi wa wanawake zambarau na MCA ile rangi ya krimu, na masanduku yana vifuniko vya rangi hizo hizo. Weka alama moja kwa mtu mmoja. Ukiharibu kabla ya kutumbukiza omba nyingine, wanakupa. Simu iache mfukoni.

Kazi ya volontia siku hiyo ni ndogo na inachosha. Saa tano asubuhi angalia daftari, nani bado. Piga simu, tuma kijana kwa ploti. Wazee, wajawazito na mama wa watoto wadogo huruhusiwa kupita mbele, kwa hivyo wao wasiogope laini. Shosho asiyeona vizuri anaweza kuja na mtu anayemwamini amsaidie, mtu huyo awe mtu mzima na anaweza kusaidia mmoja tu, kwa hivyo usijipange wewe kusaidia kumi, panga wajukuu. Na tishati ya mgombea uiache nyumbani.

Mambo hubadilika ghafla pia. 2022 kura ya mbunge wa Rongai, hapa hapa kaunti yetu, ilisongeshwa hadi 29 Agosti kwa sababu ya shida ya karatasi, na ya gavana Kakamega vilevile, na wengi hawakurudi. Mtaa wenye daftari unajulishana jioni moja. Chaguzi ndogo ni hivyo hivyo, kama zile za 27 Novemba 2025 za Malava, Ugunja na Kasipul, watu wanaotoka huwa wachache, kwa hivyo barabara moja iliyojipanga inasikika.

Ajenti: hapa ndipo kura hulindwa

Kama nguvu yako ni ya kitu kimoja tu, iweke hapa. Kila mgombea ama chama anaruhusiwa ajenti mmoja, mtu wake wa kuchunga kura, ndani ya kituo, ako na barua ya kuteuliwa na amekula kiapo cha siri. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, so shule moja inaweza kuwa na vituo sita na unahitaji ajenti sita, si mmoja wa kuzungukazunguka. Chagua mtu wa kukaa. Si mtu wa kelele, mtu anaweza kukaa macho hadi usiku wa manane, ana chakula chake, maji, chaji ya akiba, kalamu mbili, sweta.

Kura zinahesabiwa pale pale kituoni mbele ya maajenti. Fomu ya matokeo ya MCA inaitwa 36A, ya mbunge 35A, ya gavana 37A, ya rais 34A. Ajenti aangalie jumla ya kura zilizopigwa inalingana na watu waliotambuliwa na mashine ya vidole, asaini, achukue kopi yake, apige picha ile imebandikwa mlangoni. Akikataa kusaini aandike sababu, kukataa kimya hakubatilishi kitu. 2022 IEBC iliweka 34A zote kwa tovuti kila mtu aone, lakini 36A hazikuwekwa hivyo, kwa hivyo picha za simu za watu wako ndizo hesabu ya haraka mtakayokuwa nayo ya wadi. Mtu mmoja aketi nyumbani na kalkuleta akijumlisha zikiingia. Kama kuna shida kubwa, kesi ya MCA inaenda kwa hakimu na siku ni 28 tu tangu kutangazwa, na kwa korti maneno ya "tuliibiwa" hayasaidii, 36A zinasaidia.

Baadaye

Kikundi kikivunjika baada ya Agosti mlikuwa mnafanya kampeni tu. Daftari lile lile litumie kwa bajeti. Kaunti inafaa kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwa bunge lake kabla ya 1 Septemba, karatasi ya mikakati ya fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na kila hatua wananchi lazima washirikishwe. Tangazo huwa dogo na huja kuchelewa, kwa hivyo mwaka mpya ukianza mtu wenu apite ofisi ya wadi kila wiki aulize tarehe ya kikao. Mkienda msiende na malalamiko ishirini, nendeni na moja imeandikwa, mtaro wa barabara fulani, kutoka wapi hadi wapi, na watu wa kutosha wa kuisema. Mama Brayo mpigie siku mbili kabla, na kama kikao kimewekwa Jumanne ama Ijumaa mwandikieni msimamizi wa wadi barua abadilishe siku, maana hiyo ni siku ya soko.